Priyanka Chopra kama prodyusa: alianzaje, na sisi wa Kisumu tuige nini?

Kanyakwar_Jukwaani anauliza:

Wadau, hamjambo. Tuko watatu hapa Kisumu: mwandishi, mpiga picha na mwigizaji. Tunataka kusajili kampuni ya filamu. Ya kwanza iwe ya Kidholuo, ya pili ya Kiluhya, zote na manukuu. Kila nikimtaja Priyanka Chopra kama mwigizaji wa India aliyeanza kutayarisha filamu kwa lugha za majimbo, naambiwa yule ni nyota, jina lake linabandikwa tu kwenye bango. Wanaoifahamu kazi yake wanisaidie: aliingia uprodyusa akiwa amefika wapi, kampuni yake ilichagua filamu gani, na ni kipi kinachowezekana huku bila jina kubwa? Naomba majibu ya kazi. Ya kutiana moyo tumeshapewa ya kutosha.

Sinema_Milimani:

Tarehe zitakujibu nusu ya swali. Amezaliwa Jamshedpur mwaka 1982, akawa Miss World mwaka 2000. Filamu yake ya kwanza, *Thamizhan* ya 2002, ni ya Kitamil, kwa hiyo hata uigizaji wenyewe aliuanzia nje ya Kihindi. Za Kihindi zilifuata 2003. Mwaka 2004 alikubali kuwa mwanamke mbaya kwenye *Aitraaz*, nafasi ambayo waigizaji wengi wachanga walikuwa wakiikwepa, na ikampa tuzo ya Filmfare.

Mwaka 2008 ndio wa kuutazama kwa makini. *Love Story 2050*, *God Tussi Great Ho*, *Chamku* na *Drona* zilianguka zote, moja baada ya nyingine. Mwaka huohuo, Oktoba, ikatoka *Fashion* ya mwelekezi Madhur Bhandarkar. Hakukuwa na shujaa wa kiume wa kuibeba, na ikamletea Tuzo ya Kitaifa ya India ya mwigizaji bora wa kike. Baadaye zikaja *Kaminey*, *7 Khoon Maaf*, *Barfi!* na *Mary Kom*.

Kampuni yake, Purple Pebble Pictures, ilianza 2015. Septemba mwaka huohuo *Quantico*, tamthilia ya televisheni aliyoiigiza, ikaanza kuonyeshwa ABC, Marekani. Yaani kampuni ilianza wakati mwenyewe hana nafasi ya kukaa ofisini. Aliyesaidia kuiendesha ni mama yake, Dkt. Madhu Chopra. Kwa hiyo swali la kwanza kwenu watatu: mwigizaji akipata kazi Nairobi miezi mitatu, nani anabaki na funguo, mhuri na akaunti ya benki? Kama hamna jibu, msisajili bado.

Filamu zenyewe: mwaka 2016 walitoa ya Kibhojpuri, *Bam Bam Bol Raha Hai Kashi*, kisha Novemba *Ventilator* ya Kimarathi. Januari 2017 ikaja *Sarvann* ya Kipunjabi, halafu *Pahuna* ya Kinepali, hadithi ya watoto wanaokimbia Nepal na kuingia Sikkim. *Ventilator* ndiyo ya kusomea. Mzee amewekwa kwenye mashine ya kupumulia siku chache kabla ya sikukuu ya Ganesh, na ukoo mzima unamiminika hospitalini, kila mtu na hesabu zake. Sehemu kubwa ya hadithi inazunguka hospitali moja na familia moja. Fedha hazikwenda kwenye mandhari, zilikwenda kwa waigizaji, nao ni zaidi ya mia. Ilizoa Tuzo za Kitaifa tatu: mwelekezi bora (Rajesh Mapuskar), uhariri, na uchanganyaji wa sauti. Hiyo ya sauti ishikeni. Filamu ya watu wengi wanaoongea kwa pamoja ndani ya korido huishi au hufa kwa sauti.

Wakili_wa_Skripti:

Niongezee kwenye hilo la jina kubandikwa. Prodyusa na prodyusa mtendaji ni vyeo viwili tofauti, na watu huvichanganya. *Ventilator* na *Pahuna* ni kazi za kampuni yake, ndiyo iliyozitayarisha. *The White Tiger* ya Netflix (2021) ameigiza na ni prodyusa mtendaji, lakini walioibeba kama maprodyusa ni Mukul Deora na mwelekezi mwenyewe, Ramin Bahrani. *To Kill a Tiger* na *Anuja*, zilizofika kwenye uteuzi wa Oscar, pia aliingia kama prodyusa mtendaji. Hapo kazi ya jina ni kufungua milango, na ni kazi halali, ila si ile mnayotaka kuiga. Nyinyi igeni miaka ya 2016 na 2017.

Sasa makaratasi. Kampuni iwe ya dhima yenye mipaka, isiwe jina la biashara tu. Jina la biashara halina uhai wake lenyewe, kwa hiyo haki za filamu zitabaki mikononi mwa mtu. Mkikosana, filamu inakosa mwenyewe na hakuna kituo cha televisheni kitakachoigusa. Mwandishi aihamishie kampuni haki za skripti kwa maandishi na sahihi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya haitambui uhamisho wa haki kwa mdomo, hata mkiwa mmezaliwa nyumba moja. Kila mwigizaji atie sahihi fomu ya ridhaa KABLA ya kusimama mbele ya kamera. Ukimfuata baada ya filamu kuanza kusikika, bei inakuwa nyingine. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Mwenye boma naye anaandika ruhusa ya eneo, inayotaja tarehe na nani atalipia kikivunjwa kitu.

Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, mnahitaji leseni kabla ya kuanza kurekodi filamu ya kuonyeshwa umma au kuuzwa. Ikikamilika inapelekwa KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, kupangiwa daraja: GE (watu wote), PG (mtoto aongozwe na mzazi), 16 au 18 (umri). Droni ina sheria zake chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na anga ya karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu si ya kuchezea.

Mhariri_Kakamega:

Kabla hamjafika kwenye kamera: "Kiluhya" kipi? Kibukusu, Kilogooli, Kinyore, Kiwanga? Bibi wa Kimilili akimsikia "mwanawe" anaongea Kilogooli, hadithi imeshakufa dakika ya pili. Chagueni kijiji, kijiji kiwachagulie lugha, halafu mmoja wa wazee wa pale akae na skripti ukurasa kwa ukurasa. Priyanka mwenyewe aliungua hapo: akiwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2017 na *Pahuna*, alisema kwenye mahojiano kwamba Sikkim ni jimbo lililosumbuliwa na uasi. Wasikkimu wakawaka, kwa sababu kwao kuna utulivu, na ikabidi aombe radhi. Kosa la maneno machache kwenye mahojiano, na filamu ya watoto ikageuka mjadala wa siasa.

Hesabu ya kurekodi. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu. Kurasa 90, mkifanya 4 au 5 kwa siku, ni siku 18 hadi 23. Kurasa 8 kwa siku zinawezekana ndani ya chumba kimoja na watu wawili. Kwenye harusi yenye watu sitini hazipatikani. Ndiyo maana hospitali ya *Ventilator* ni akili ya bajeti: taa zikishawekwa hazihami.

Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45. Mkirekodi mara nane ya urefu wa filamu ya dakika 90, hiyo ni saa 12, yaani gigabaiti 540. Nakala tatu ni kama terabaiti 1.6. Nakala mbili kwenye diski tofauti, ya tatu ilale nyumba nyingine. Kadi haifutwi hadi mtu afungue faili kwenye nakala mbili na kuzitazama. Kuona majina ya faili kwenye orodha hakutoshi, faili iliyoharibika ina jina zuri tu kama nyingine.

Umeme wetu ni wa herzi 50. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za dukani zitapepesa kwenye picha na hakuna mhariri wa kuziponya kwa bei rahisi.

Sauti: 48 kHz, biti 24. Maiki ya kijiti juu ya kichwa cha mwigizaji, na ya kola kama akiba. Maiki iliyo juu ya kamera ni ya kulinganishia tu, msiitegemee. Kila eneo, kabla ya kufungasha, watu wote wanyamaze sekunde 60 mrekodi ukimya wa pale. Huo ndio gundi ya kuziba mashimo kwenye uhariri. Sasa Kisumu: mvua nyingi hushuka alasiri, na kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari tone la kwanza linamaliza mazungumzo. Matukio ya ndani yenye maneno mengi yapangwe asubuhi, alasiri mbaki na ya kutembea na ya kimya. Ukiwa karibu na ziwa usiku, taa kubwa huita wadudu wa ziwani kwa mawingu, wanaingia kwenye lenzi, kwenye chai, kwenye kinywa cha mwigizaji. Taa ya chambo iwashwe mbali, upande ambao upepo unakwendea, na kazi ifanyike kwa taa ndogo.

Nyasa_Bangili:

Mnampamba sana Priyanka. Kimarathi kina mamilioni ya wasemaji, majumba ya sinema, na serikali ya Maharashtra inayotoa ruzuku kwa filamu za lugha hiyo. Tuzo za Kitaifa za India zina nafasi ya filamu bora ya kila lugha. Kisumu mtaonyesha wapi?

Sinema_Milimani:

Ni kweli, na ndiyo sababu bajeti zenu haziwezi kufanana. Ila angalia alichofanya hata akiwa na hayo yote: nyota hakujiweka kama mhusika mkuu wa filamu hizo. *Ventilator* alijitokeza kidogo tu na kuimba wimbo mmoja. Uso wake ungeipandisha gharama na kuigeuza filamu ya Priyanka. *Paani*, filamu nyingine ya Kimarathi ya kampuni yake, iliyoelekezwa na Addinath Kothare, ilipata Tuzo ya Kitaifa ya filamu ya kuhifadhi mazingira mwaka 2019, nayo ikaja kuingia majumba ya sinema 2024 tu. Kampuni yenye mtaji huweza kusubiri miaka mitano. Nyinyi hamwezi, kwa hiyo msikope pesa za kulipa kila mwezi kwa filamu ambayo haina tarehe ya kuonyeshwa.

Kuonyesha: ukumbi wa shule au wa kanisa, projekta yenye mwanga wa lumeni 3,000 hadi 4,000, pazia jeusi kwenye madirisha, na spika mbili mbele, kwa sababu sauti ikitoka nyuma watu hugeuka. Tiketi ziwe na namba. Jenereta iwe umbali wa mita 30 na nyuma ya ukuta. Baada ya hapo, vituo vya televisheni na mitandao. Hao watadai manukuu safi na karatasi zile za Wakili.

Kanyakwar_Jukwaani:

Asanteni. Mawili ya haraka. Tukio la harusi lina wimbo wa benga unaojulikana, unapigwa na spika za pale pale. Tukiutaja mwishoni mwa filamu si inatosha? Na manukuu tufanye wenyewe?

Wakili_wa_Skripti:

Kutaja jina si ruhusa. Wimbo una haki mbili: ya aliyetunga na ya mwenye rekodi ile. Mnahitaji zote mbili, kwa maandishi, zikitaja filamu, nchi, muda, na kama ni sinema, televisheni na mtandao. Wengi husahau mtandao, halafu filamu inaondolewa siku ya tatu. Wimbo wa zamani mwenye rekodi huwa amefariki na warithi ni sita, wote wenye sauti. Njia nafuu ni kumlipa mpiga gitaa wa benga hapo mjini atunge mpya, na mkataba uihamishie kampuni haki zote mbili.

Mhariri_Kakamega:

Na hata mkiupata, msiupige wakati wa kurekodi mazungumzo. Wimbo ukishaingia chini ya maneno, kila mkato wa uhariri unaurusha. Wacheze kimya: piga sekunde kumi wapate mdundo, zima, endelea na maneno. Wimbo unawekwa studio.

Manukuu fanyeni wenyewe, lakini msifanye kwa kusikiliza tu. Anzeni na skripti ya Kidholuo iliyorekebishwa kulingana na walichosema kweli. Herufi zisizidi 42 kwa mstari, mistari miwili, isikae chini ya sekunde moja wala kupita saba. Mkato wa picha ukifika, nukuu iondoke nao. Methali na vijembe vya Kidholuo ndivyo vitakavyowachelewesha. Tafsiri lengo la anayesema, maana mtazamaji ana sekunde tatu tu. Hifadhini kama faili ya SRT, yaani ya manukuu peke yake, na nakala ya filamu isiyo na maandishi yoyote ibaki salama, kwa sababu mnunuzi wa kwanza atakayeitaka kwa lugha nyingine ataomba hiyo.