PHP: Kugeuza stringi ya majina na alama kuwa safu bila kumpoteza mwanafunzi

Mwanagenzi (muulizaji)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaitengenezea shule moja ya sekondari ukurasa wa kuingizia matokeo ya majaribio ya kila mwezi, na ninatumia lugha ya programu ya PHP, toleo la 8. Mwalimu hubandika majina ya darasa zima katika kisanduku kimoja cha maandishi, kila jina kwenye mstari wake, kisha katika kisanduku cha pili hubandika alama zilizotenganishwa kwa mkato, kwa kufuata mpangilio uleule wa majina. Kitabu nilichojifunzia kinaelekeza kutumia `split()`, lakini seva inakataa na kusema kwamba fanksheni hiyo haipo, kwa hiyo nikahamia `explode()`, inayokata stringi (kipande cha maandishi) kuwa safu (orodha ya vipengele), kama ifuatavyo:

`$majina = explode(PHP_EOL, $_POST['majina']);`
`$alama = explode(',', $_POST['alama']);`

Nikiichapisha safu ya majina naona imekaa sawa. Hata hivyo, darasa lina wanafunzi 45 na `count()`, inayohesabu vipengele, inanipa 46, na nikitafuta jina kwa `in_array()` ninaambiwa halimo, ilhali ninaliona kwa macho yangu. Naomba msaada, kwa kuwa walimu wanatarajia kuanza kuutumia ukurasa huu wiki ijayo.

Fundi wa Seva

Karibu sana. Kuhusu `split()`, kitabu chako ni cha zamani: fanksheni hiyo ilitangazwa kuwa haifai kuendelea kutumiwa tangu PHP 5.3, na ilipofika PHP 7.0 ikaondolewa kabisa. Usihangaike nayo.

Tatizo la majina linatokana na herufi ambayo jicho haliioni. Kivinjari kinapotuma kisanduku cha maandishi, kila mwisho wa mstari huenda kama herufi mbili, `\r\n`, hata kama mwalimu anatumia kompyuta ya aina gani. Lakini `PHP_EOL` haimhusu mwalimu; inaeleza mwisho wa mstari katika mfumo wa seva yako, na kwenye Linux hiyo ni `\n` peke yake. Kwa hiyo `explode()` inakata penye `\n` na kuiacha `\r` imeng'ang'ania mwisho wa kila jina. Acha kuichapisha safu kwenye ukurasa, tumia `var_dump()`, inayoonyesha pia urefu wa kila stringi, nawe utaona "Neema" imeandikwa kuwa na urefu wa 6 badala ya 5. Hiyo ndiyo sababu `in_array()` inakukatalia. Kipengele cha 46 nacho ni stringi tupu iliyozaliwa pale mwalimu alipobonyeza Enter baada ya jina la mwisho.

Jaribu hivi:

`$majina = preg_split('/\s*\R\s*/', trim($_POST['majina']), -1, PREG_SPLIT_NO_EMPTY);`
`$alama = array_filter(array_map('trim', explode(',', $_POST['alama'])));`

Ruwaza `\R` inatambua kila aina ya mwisho wa mstari, na `\s*` pande zote mbili inafagia nafasi zilizobaki kandokando ya majina.

Mwalimu wa Hesabu

Ninakubaliana na maelezo ya majina, lakini kwa heshima zote naomba mstari wa pili usitumike, kwa sababu utawadhulumu watoto. `array_filter()` isipopewa masharti huondoa kila kitu ambacho PHP inakihesabu kuwa si kweli, na stringi `"0"` imo humo pamoja na stringi tupu. Chukua mfano huu:

`67, , 0, 81`

Mwanafunzi wa pili hakufanya mtihani, na wa tatu amefanya akapata sifuri. Baada ya kuchuja, safu inabaki na vipengele viwili tu, 67 kwenye nafasi ya 0 na 81 kwenye nafasi ya 3, maana `array_filter()` haipangi upya namba za nafasi. Mtu akiongeza `array_values()` ili kuzipanga, 81 ya mwanafunzi wa nne itamwangukia wa pili. Ukiziunganisha safu mbili kwa `array_combine()`, PHP 8 itagoma kwa kuwa idadi hazilingani, na huko kugoma ni afadhali kuliko matokeo yenye makosa yanayofika kwa mzazi kimyakimya.

Katika orodha ya majina, mstari mtupu hauna maana yoyote na unaweza kutupwa. Katika orodha ya alama, pengo ni habari: linasema kwamba mtoto fulani hakuwapo. Ushauri wangu ni kuviacha visanduku viwili na kuwa na kimoja tu, ambamo kila mstari una jina na alama yake, kisha ukate mara mbili, kwanza mistari, halafu kila mstari:

`$sehemu = str_getcsv($mstari, ',', '"', '');`

Nimechagua `str_getcsv()` badala ya `explode()` kwa kuwa walimu wengi hutoa orodha zao kwenye Excel, na jina lililoandikwa kwa kutanguliza la ukoo, kama `"Mushi, Asha",67`, lina mkato ndani ya alama za nukuu. `explode()` ingelikata jina hilo katikati. Andika vigezo vyote vinne, kwa sababu PHP 8.4 inatoa onyo usipotaja kile cha mwisho.

Msafiri wa Muscat

Naongeza jambo moja kuhusu ruwaza, kwani lilinisumbua katika orodha ya majina ya Kiarabu. Bila herufi `u` mwishoni, `preg_split()` husoma baiti moja moja, na `\R` huihesabu baiti 85 ya mfumo wa heksadesimali kuwa mwisho wa mstari. Herufi mim ya Kiarabu katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti, ni baiti mbili, D9 na 85. Jina محمد lina mim mbili, kwa hiyo lilikuwa likipasuka mara mbili. Andika `'/\s*\R\s*/u'`, na ukague kwamba jibu si `false`, maana ndilo linalorudi maandishi yakiwa si UTF-8 halali.

Fundi wa Seva

Mwalimu, umenisahihisha kwa haki na ninashukuru. Nilifikiria usafi wa safu nikasahau kwamba sifuri ni alama. Mwanagenzi, pale unapoigeuza alama kuwa namba, kumbuka pia kwamba `(int) ''` ni 0, kwa hiyo asiyekuwapo atageuka kuwa aliyepata sifuri. Pima kwanza, na pengo liwe `null`, yaani pasipo thamani:

`$alama = trim($sehemu[1] ?? '');`
`$alama = $alama === '' ? null : (int) $alama;`

Mwanagenzi (muulizaji)

Nawashukuru nyote. Nimeunganisha visanduku, nimeweka `u`, na `count()` sasa inatoa 45. Nimejaribu pia kwa orodha ya mwezi uliopita: wanafunzi watatu ambao hawakufanya mtihani wameingia kwenye hifadhidata kama `null`, na mmoja aliyepata sifuri amebaki na sifuri yake.