Mjadala: Je, michango ya wazazi itumike kununua mablanketi mazito kwa watoto wenye usonji?

Mtoa hoja (mzazi, Dar es Salaam)

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili jambo lililotugawa wazazi wa kitengo cha elimu maalumu anakosoma mwanangu. Katika kikao kilichopita lilitolewa pendekezo kwamba kila mzazi achangie fedha ili yaagizwe kutoka nje mablanketi mazito matatu, yaani yaliyoshonewa vitu vya uzito ndani, na fulana sita zenye vifuko vya uzito, kwa maelezo kwamba mgandamizo humtuliza mtoto mwenye usonji, humwezesha kukaa kitini na humletea usingizi. Nilipinga, na nikaonekana mchoyo.

Sipingi kwamba mgandamizo hutuliza. Mwanangu ana miaka saba, na kelele zinapomzidi hujipenyeza kati ya godoro na ukuta, akakaa humo mpaka pumzi zimshuke. Bibi yake aligundua kitambo kwamba ukimkanda mabega kwa viganja vizima, wala si kwa ncha za vidole, mtoto analala. Ninachopinga ni kununua kifaa kabla ya kujua nani atakishika. Darasa lina watoto kumi na wanane na walimu wawili. Nahofia kwamba haitachukua muda blanketi hilo kuwa dawa ya kumnyamazisha mtoto msumbufu. Sijataja joto letu la Februari, ambalo hata shuka jepesi tunalitupa chini.

Mwalimu wa kitengo kingine, Morogoro

Mzazi mwenzangu, hofu yako naielewa, ila umetuhukumu walimu mapema. Mimi sikuagiza kitu nje. Nilimpelekea fundi cherehani kipande cha kitambaa, akanishonea fulana yenye vifuko vinne, nikajaza mchele; baada ya miezi miwili fukusi wakaanza kutambaa shingoni mwa mtoto, ndipo nikabadilisha nikaweka mchanga uliochekechwa na kushonewa ndani ya nailoni. Mtoto ninayemvalisha alikuwa hakai kitini hata dakika tano. Tangu siku niliyomvalisha, nami nikawa nakaa naye karibu, anamaliza kupaka rangi picha nzima, na mama yake ameshuhudia. Mnataka ushahidi gani tena?

Mtoa tiba kwa vitendo

Mwalimu, ushuhuda wako ni wa kweli kwa mtoto huyo, lakini hautoshi kuamua matumizi ya fedha za wazazi wote, kwa sababu siku ile ile uliyomvalisha fulana ulianza pia kukaa naye karibu, na hatuwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililomtuliza.

Nadharia tunayoitegemea katika tiba za hisia, yaani za kumtuliza mtoto kwa mguso, mgandamizo na mwendo, iliasisiwa na Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo kutoka California, ambaye kitabu chake cha mwaka 1972 kilieleza jinsi ubongo unavyopanga taarifa zinazotoka kwenye ngozi, misuli, viungo na sikio la ndani. Wazo la mgandamizo lenyewe lilipata umaarufu kupitia Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji ambaye baadaye akawa profesa wa sayansi ya mifugo. Akiwa kijana, kwenye shamba la shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wakiingizwa katika kizimba chembamba ambacho mbao zake huwabana ubavuni ili wachanjwe, na baadhi yao wakitulia mara tu wanapobanwa. Akajiundia mashine ya namna hiyo, mbao mbili zilizofunikwa sponji, akawa analala katikati yake. Jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi sana ni kwamba wenzo wa kukaza na kulegeza aliushika yeye mwenyewe.

Ukiacha ushuhuda, vipimo vya kitafiti vinatupa picha ya watoto wengi kwa pamoja. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 ulihusisha watoto 67 wenye usonji, wenye umri wa miaka 5 hadi 16, ambao kila mmoja alilala akijifunika kwa zamu blanketi zito na jingine jepesi linalofanana nalo. Blanketi zito halikuwaongezea usingizi, ingawa watoto na wazazi walilipenda zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikwisha kushauri mwaka 2012 kwamba wazazi waambiwe wazi kuwa ushahidi wa tiba hizi za hisia ni mdogo. Hata ile kanuni kwamba kifaa kiwe na asilimia 10 ya uzito wa mwili wa mtoto, ambayo kwa mtoto wa kilo 20 ni kilo mbili, ni mazoea ya kazi zaidi kuliko matokeo ya utafiti.

Hofu ya mzazi ina msingi. Mwaka 2008, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, mtoto wa miaka tisa mwenye usonji alifariki baada ya kuviringishwa shuleni ndani ya blanketi zito ili atulie. Kwa hiyo mimi huweka masharti mawili yasiyo na mjadala: kichwa na mikono ya mtoto havifunikwi kamwe, na mtoto asiyeweza kulivua blanketi mwenyewe hawekewi. Watoto wachanga wasifunikwe nalo kabisa.

Mtoa hoja

Nashukuru, mtaalamu. Basi kikao kijacho nitapendekeza mablanketi yaachwe, na mchango huo ulipie mtoa tiba aje kitengoni mara mbili kwa mwezi, awapime watoto mmoja mmoja na kuwafundisha walimu na sisi wazazi kukanda. Fulana moja ya majaribio tutamshonesha fundi wa mtaani. Mwalimu, wewe unamvalisha mtoto wako kwa muda gani?

Mwalimu wa kitengo kingine, Morogoro

Nilikuwa namvalisha asubuhi nzima, na nakiri kwamba hakuna aliyenielekeza muda. Tangu nisome maelezo ya ule wenzo nimeacha kumvalisha. Nimegongomea msumari karibu na mlango, usawa wa bega lake, nikaitundika fulana hapo. Jana aliichukua mara moja, akakaa nayo kama robo saa, kisha akaivua na kuiacha sakafuni.