Chekechea ya Kiojibwe: mtoto asiyeisikia lugha nyumbani ataishikaje?

Mlezi wa Awali anauliza:
Ndugu zangu, nimekuwa nikifuatilia habari za Waadookodaading, shule ndogo iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika eneo la Lac Courte Oreilles la Waojibwe, mojawapo ya jamii za Wenyeji wa Marekani, jimboni Wisconsin, ambako watoto wa darasa la awali hufundishwa kwa Kiojibwe. Kinachonitatiza ni kwamba wengi wao hutoka katika nyumba zinazozungumza Kiingereza. Mtoto wa miaka 5, ambaye hata mama yake haijui lugha hiyo, ataishikaje bila kutafsiriwa? Na Kiingereza chake je, hakitadorora?

Mwanaisimu:
Huishika kwa kuitenda. Chukulia dakika zile za kuvaa kabla ya kutoka kwenye theluji: mwalimu anaelekeza viatu na kusema «biizikan», kisha anainua glavu na kusema «biizikaw». Kitenzi kimebadilika kwa sababu viatu viko katika kundi la majina yasiyo na uhai, ilhali glavu, ajabu iliyoje, huhesabiwa kuwa na uhai. Sisi tuliolelewa na ngeli hatuna haki ya kushangaa sana! Jambo hilo likirudiwa kila siku ya baridi kali, mtoto hulizoea pasipo kufundishwa kanuni yoyote. Masomo nayo hufuata majira, kwa maana wakati wa machipuko watu hugema utomvu wa miti ya mepo na kuupika uwe sukari, na mwisho wa kiangazi huvuna manoomin, yaani mpunga wa mwituni, kwa mitumbwi. Kwa hiyo maneno huja pamoja na kazi yenyewe.

Kuhusu Kiingereza, ondoa shaka. Mtoto wa Wisconsin hukisikia nyumbani, dukani na kwenye runinga; lugha inayohitaji kulindiwa saa zake ni ile nyingine.

Mama Darasa:
Nakubaliana na Mwanaisimu, ila naona kikwazo hakiko kwa watoto. Shule za bweni ambazo serikali ya Marekani iliwawekea watoto wa Wenyeji, kama ile ya Carlisle iliyofunguliwa mwaka 1879, ziliwaadhibu watoto kwa kusema lugha zao, na waliotoka huko wengi hawakuwarithisha wana wao. Ndiyo maana wasemaji wazawa waliobaki ni wazee, na mzee aijuaye lugha kwa ufasaha mara nyingi hana cheti cha ualimu.

Mlezi wa Awali:
Nashukuruni. Basi mzee wa namna hiyo anaruhusiwaje kisheria kusimama mbele ya darasa?

Mwanaisimu:
Inategemea jimbo. Minnesota, jirani wa Wisconsin, hutoa leseni ya kufundisha lugha na utamaduni wa Wenyeji wa Marekani kwa anayethibitika kuimudu lugha, hata kama hana shahada. Kwa kawaida mzee hushirikiana na mwalimu kijana aliyejifunza lugha ukubwani: kijana huandaa somo na kusimamia darasa, naye mzee huisema lugha na kumsahihisha kijana huyo mbele ya watoto.