Majibu ya maji ya mapafu ya mama yameandikwa "eksudati", naombeni msaada

Binti_Mkubwa: Wakuu, habari za jioni. Mama ni mgonjwa wa moyo, anatumia dawa ya kukojoza. Juzi pumzi ilimbana, eksirei ikaonyesha maji upande wa kulia, yakavutwa kwa sindano. Protini ya maji 33 g/L, ya damu 62. LDH (kimeng'enya cha seli) ya maji 150, ya damu 260 (kawaida mwisho 250). Albumini (aina ya protini) ya maji 19, ya damu 34. ADA (kimeng'enya kinachopimwa kutafuta TB) 14. Seli za saratani hazikuonekana. Chini wameandika "eksudati". Nasoma kwamba hiyo ni TB au saratani, usingizi umenipaa. Daktari tunamwona keshokutwa.

Tabibu_wa_Wodi: Pole sana dada. Eksudati ni maji mazito yenye protini nyingi, na neno hilo hapa linatoka kwenye vigezo vya daktari Light vya 1972, na kikitimia kimoja tu kati ya vitatu, maji yanaitwa eksudati. Tupige hesabu. Protini: 33 kwa 62 ni 0.53, mpaka ni 0.5, kwa hiyo imevuka kidogo tu. LDH: 150 kwa 260 ni 0.58, haijafika 0.6. Cha tatu, LDH ya maji izidi theluthi mbili ya 250, yaani 167. Nayo haijafika.

Sasa dawa ya kukojoza hupunguza maji, protini ikabaki, kwa hiyo maji ya moyo huonekana mazito kuliko yalivyo. Hapo ndipo tunatoa albumini ya maji kwenye ya damu: 34 toa 19, 15. Ikizidi 12 g/L kwa mgonjwa wa aina hii, mimi naushuku moyo kwanza.

Fundi_Maabara: Naafiki, ila damu na maji vilichukuliwa siku moja? Bila hivyo hesabu hiyo haina mashiko. ADA 14 iko mbali na 40, kiwango kinachotutia shaka ya TB. Kuhusu saratani nisikudanganye: kipimo cha seli hukosa wagonjwa wengi, hivyo kutoonekana si kwamba haipo.

Binti_Mkubwa: Siku moja, asubuhi ileile. Hana homa, hajakonda, miguu imevimba.

Tabibu_wa_Wodi: Miguu hiyo inaelekeza kwenye moyo pia. Mwulize daktari kuhusu kipimo cha damu cha NT-proBNP, kinachoonyesha moyo unavyoelemewa, na mpango ukoje maji yasipopungua kwa dawa. Pumzi ikimbana tena usiku, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri keshokutwa.