Mjadala: Bosi wa burudani akiondoka kampuni ikayumba, hiyo ni sifa yake au aibu yake?

Wakuu, habari za jioni.

Jana kijiweni Sinza tulibishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake. Kaka mmoja mwenye studio alisema kiongozi wa kweli wa kampuni ya burudani ni yule ambaye akitoka, kila kitu kinakwama. Mfano wake ni Bob Iger wa Disney: aliondoka, kampuni ikayumba, bodi ikamwita arudi. Mimi nakataa, nikaona niilete mada hapa.

Iger nampa haki yake. Aliposhika usukani mwaka 2005, Disney na studio ya katuni ya Pixar zilikuwa haziivi chungu kimoja, kwa sababu mtangulizi wake Michael Eisner na bosi wa Pixar, Steve Jobs, walikuwa wameshagombana. Iger akamfuata Jobs wakayamaliza, na mwaka 2006 akainunua Pixar kwa dola bilioni 7.4. Kinachonigusa si hizo hela. Ed Catmull na John Lasseter, waliokuwa wakiiendesha Pixar, hakuwanyang'anya kazi. Aliwakabidhi hata idara ya katuni ya Disney yenyewe, iliyokuwa imechoka. Mabosi wa mjini hapa, tukimsaini kijana, wiki ya pili tunamchagulia mpaka biti.

Lakini kwenye kuachia kiti alifeli. Aliahirisha kustaafu zaidi ya mara moja. Tom Staggs, ambaye wengi walimtazamia kuwa mrithi, akaondoka 2016. Februari 2020 Iger akamkabidhi kiti Bob Chapek, kisha akabaki mwenyekiti mtendaji, akisimamia ubunifu hadi mwisho wa 2021. Nyumba moja, wenye nyumba wawili! Chapek naye aliwapokonya wakuu wa studio maamuzi ya bajeti, akayapeleka idara ya usambazaji, na janga la UVIKO-19 lilikuwa limeshafunga bustani zao za burudani. Novemba 2022 bodi ikamwondoa. Iger akarudi na kuivunja idara ile.

Mtu amekaa miaka 15, mrithi wake hamalizi hata mitatu. Huo ndio umwamba?

Nasema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa fundi sauti kwenye kampuni moja Kinondoni. Tajiri aliugua ghafla. Sahihi ya benki ni yake peke yake, nywila ya chaneli ya YouTube anaijua yeye, makubaliano na ukumbi aliyafanya kwa mdomo. Shoo ilikufa, malipo ya awali ya ukumbi yakapotea, na wapiga vyombo walikaa miezi miwili bila senti. Wengine wana watoto shule.

Mchangiaji, Temeke: Mkuu, unalinganisha visivyolingana. Disney ina bodi na wanahisa. Hapa jina la mtu ndilo mtaji. Lebo ya Wasafi bila mwenyewe Diamond ni nini? Ukiwaachia vijana nguvu wanaondoka nayo: Harmonize 2019, Rayvanny 2022, kila mmoja na lebo yake sasa.

Mleta mada: Hapo ndipo ninapotofautiana nawe kabisa, ndugu yangu. Konde Music Worldwide ya Harmonize na Next Level Music ya Rayvanny zinaendeshwa na vijana waliopikwa Wasafi. Bosi aliyetoa mabosi wengine wawili mimi namhesabia ushindi, hata kama waliachana vibaya. Na hilo la jina kuwa mtaji, mbona Ruge Mutahaba, bosi wa Clouds, alipofariki Februari 2019 redio ya Clouds iliendelea kusikika? Alilea watangazaji na wasanii wengi kupitia THT, nyumba ya kukuza vipaji, na waliobaki walijua kazi.

Bodi si lazima iwe ya Marekani. Tajiri wetu wa Kinondoni alipopona aliweka sahihi ya pili benki, ya dada wa hesabu, mikataba ikaandikwa, nywila zikawekwa kwenye bahasha kwa wakili. Shoo iliyofuata alikuwa Muhimbili kwenye kliniki yake, na tulipiga mpaka usiku wa manane.