Kompyuta kuukuu ya mezani iwe skrini ya pili ya laptopu: naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Natunza hesabu za maduka kwa laptopu ya inchi 14, na kila saa kuruka kutoka risiti kwenda kwenye jedwali kunanichosha. Nyumbani ipo kompyuta ya mezani, zile ambazo skrini na mashine ni kitu kimoja, ina Windows 10. Nimechomeka waya wa HDMI, kimya. Nijuavyo, tundu hilo kwenye nyingi za aina hii hutoa picha tu, halipokei. Ingekuwa monita ya kawaida yenye VGA (tundu la picha la zamani) ningetafuta adapta, yakaisha.

Miracast, njia ya kurusha picha bila waya, imo ndani ya Windows 10 yenyewe, ila inataka Wi-Fi na hii haina. Iliyobaki ni programu ya Spacedesk, inayopitisha picha kwenye mtandao wa ndani, hata kwa waya. Aliyeitumia anambie: maandishi husomeka vizuri, au kipanya kinaburura? RAM ya GB 4 itatosha?

Fundi mmoja anataka aifungue, kioo akifungie bodi nyengine ya kupokea picha. Roho yangu haitaki, lakini nani kashafanyiwa? Au niachane nayo, nikivuka Unguja nitafute monita ya mtumba Darajani?