Tupeane uzoefu: msemo wa Kiingereza uliowahi kukuumbua

Mkalimani wa Singida (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Leo nimekumbuka kitu cha miaka tisa iliyopita nikacheka peke yangu ndani ya daladala mpaka jirani akanihama. Naanza mimi, halafu mmwage ya kwenu.

Nilikuwa mkalimani kwenye mradi wa maji, huku vijijini Singida. Mkutano uko chini ya mwembe, mgeni Mwingereza kakalia kiti cha plastiki, mwenyekiti wa kijiji kasimama anaeleza kwa nini pampu haijafungwa. Akaeleza mvua. Akaeleza barabara. Akaeleza msiba wa shemeji yake fundi. Mgeni uvumilivu ukamwishia, akanigeukia akasema kwa upole kabisa, "Let's not beat around the bush."

Msemo naujua, niliupatia vema kwenye mtihani. Kwamba tuache kuzungukazunguka, twende kwenye hoja. Basi nikachomoa wa kwetu uliokuwa karibu: "Mgeni anasema tusizunguke mbuyu."

Kimya. Wewe wa mjini utauliza kosa liko wapi, maana siku hizi watu wanasema kuzunguka mbuyu kwa maana ya kukwepa hoja. Kwa wazee wale, kuzunguka mbuyu ni mlungula. Unamvuta mtu nyuma ya mti, mnamalizana, mnarudi mnacheka. Mwenyekiti akavua kofia, akaishika kifuani. "Mgeni ana ushahidi kwamba mimi nimekula hela ya pampu?" Nyuma huko mama mmoja akaitikia, "Mwache aseme!" Kumbe walikuwa na lao siku nyingi.

Ilinichukua nusu saa kuuzima ule moto. Mgeni ananiuliza wanasemaje, namjibu wanajadili ratiba.

Karani Asiyekoma

😂😂 Yangu fupi. Bosi alisema mhasibu "spilled the beans". Nikasikia kumwaga, akili ikanipeleka kwenye kumwaga unga, nikaenda kumpa pole kwa kuachishwa kazi. Kumbe maana yake alikuwa amemwaga mchele kwenye kuku wengi, siri ya mishahara imetoka. Unga wenyewe alikuja kuumwaga wiki mbili baadaye, kwa hiyo pole yangu iliwahi tu.

Ticha wa Kidato cha Pili

Wakuu, mimi ndiye ninayewatengeneza hao wanaoumbuka, mnisamehe. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza, na sisi tunamkabidhi orodha ya misemo akariri. Neno upande huu, maana upande ule. "Kick the bucket: to die." Basi.

Mwaka fulani niliwapa kazi ya kuandika barua ya rambirambi. Binti mmoja, mwandiko mzuri, akamwandikia mwalimu mkuu wa kufikirika kwamba amesikitishwa mno kusikia mzazi wake mpendwa "has kicked the bucket". Nilicheka, halafu nikajiuliza nimpe alama gani. Maana kasema kweli, mzazi kafa. Ila ni sawa na kusimama msibani mbele ya wafiwa ukasema, "Poleni sana, nimesikia mzee kadanja." Msemo huo tangu zamani ni wa mitaani. Kamusi ya Francis Grose ya mwaka 1785, iliyokusanya lugha ya vijiwe na walevi wa Uingereza, tayari inao. Orodha yetu ya darasani haisemi hilo.

Na ile mvua ya paka na mbwa, "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa! Mwandishi Jonathan Swift aliiandika mwaka 1738, na wanafunzi wangu wanainyesha hadi leo kwenye kila insha. Alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, akasahihisha rundo la madaftari, akaniuliza kwa nini huku kila mtu anaongea kama bibi yake.

Mama Mlezi

Nimesoma nikasema na mimi nitoe yangu, ingawa si ya kuchekesha sana.

Niko Uingereza, natunza wazee majumbani. Mwezi wa kwanza kazini nilipangiwa bibi wa miaka 91, mwanamke safi, nywele kachana, lulu shingoni saa mbili asubuhi. Nikiwa naosha vikombe akaniita, "I need to spend a penny, dear." Nikajua anataka kununua kitu. Nikafungua droo nikamletea pochi yake, nikaifungua mbele yake asije akadhani namwibia, nikamhesabia sarafu kwenye kiganja. Nikamuuliza ninunue nini. Akarudia maneno yaleyale, sasa kashika mikono ya kiti. Nikamwambia bibi, peni moja hainunui kitu, na nikaenda kuchukua koti langu nielekee dukani.

Hatukuwahi.

Wakati namsafisha alikuwa anaangalia dirishani, haniangalii. Nikamwomba radhi kama nilivyofundishwa kumwomba radhi mtu mzima, nimepiga goti, ingawa yeye hakuelewa goti ni la nini. Baadaye na chai yake mkononi akanieleza. Zamani vyoo vya umma vya kwao vilikuwa na kufuli la sarafu mlangoni, unatumbukiza peni moja ndipo mlango unafunguka. Kwa hiyo mtu mwenye adabu zake hasemi anakwenda chooni, anasema anakwenda kutumia peni. Nikamwambia mbona kwetu stendi bado tunalipa, tofauti ni kwamba mlangoni kuna kijana na meza na karatasi anakukatia yeye mwenyewe. Hapo ndipo akacheka.

Sisi tunasema haja ndogo, tunasema msalani, tunasema kujisaidia. Nilikuwa na maneno yote hayo kichwani na sikufikiria kwamba na Mzungu anaweza kuona haya.

Ila kuna mmoja haukunisumbua hata siku moja. Kila asubuhi nikimuuliza hali anajibu "mustn't grumble", haifai kulalamika, huku magoti yamemvimba. Huo niliuelewa siku ileile. Si ndio sisi? Habari za nyumbani? Nzuri, ila baba hatunaye tena.

Mkalimani wa Singida

Mama, hiyo ya koti imenikaa. Shikamoo.

Jaluo wa Manchester

Wadau, mimi shida yangu ni kinyume. Si misemo yao inayonishika, ni yetu nikiivalisha Kiingereza.

Tulikuwa tunatoka shifti ya usiku kwenye stoo, mwenzangu mmoja, Mwingereza kijana, akaniuliza lile jambo la kubadilishana zamu tutalimaliza lini. Mimi nimechoka, nikamjibu vile tungejibu nyumbani: usijali, nitakutafuta kesho. "Don't worry. I will look for you." Na mimi nina sauti nzito, na urefu wangu mnaujua Wajaluo. Kesho yake naitwa na msimamizi, naulizwa kama nina ugomvi na yule kijana. Ugomvi wapi? Nilimaanisha nitampigia simu!

Kuna siku pia nilikutana na jirani ambaye sikumwona miezi, nikamwambia kwa furaha "You are lost!" Akanijibu polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba hapana, yeye anakaa nyumba ile pale.

Na "sorry" nayo. Mtu akijikwaa mimi namwambia sorry, kwa sababu pole haina Kiingereza. Kila mara wananijibu, "It's not your fault." Najua si kosa langu, nakupa pole!

Dereva wa Texas

😂 Nitakutafuta! Mimi huku naendesha semi. Wiki ya pili dispacha, yule anayetupangia safari, kanipigia, "When will you be in? Just give me a ballpark." Nikaingiza ballpark kwenye GPS. Ikaniletea uwanja wa baseball uko maili 38 nyuma, upande niliotoka. Nikampigia kumuuliza kama mzigo unashushwa uwanjani na naruhusiwa kugeuza. Jamaa alikaa kimya muda mrefu sana. Alichokuwa anataka ni makadirio tu, saa ngapi hivi.

Wamarekani nusu ya maneno yao ya ofisini yametoka kwenye huo mchezo. "Touch base" ni kuwasiliana, "step up to the plate" ni kujitokeza ubebe jukumu, "out of left field" ni jambo la ghafla. Ukimkaribisha mtu chakula akisema "rain check" hajakataa, anaahirisha. Ni ile tiketi waliyokuwa wanakupa mechi ikikatishwa na mvua, uje siku nyingine. Sikuwalaumu sana nilipokumbuka kwamba na sisi mtu anapigwa chenga na mwenye nyumba, anaoneshwa kadi nyekundu na mchumba, anarusha taulo kwenye biashara, na hakuna mpira wala ngumi hapo.

Mkalimani wa Singida

Dereva, jipe moyo, wenyewe kwa wenyewe wanapotezana. Churchill ameandika kwenye kumbukumbu zake za Vita vya Pili kwamba maofisa wa Uingereza na wa Marekani walibishana muda mrefu juu ya "to table" jambo. Kwa Mwingereza ni kulileta mezani lijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuliweka kando. Wote walikuwa wanataka kitu kimoja.

Mpishi wa Dubai

Huku Kiingereza chenyewe ni cha Wahindi, na ndicho kinacholipa mishahara. Niliambiwa meneja yuko "out of station". Nikauliza anarudi na basi la saa ngapi. Kumbe yuko nje ya mji tu, kwa ndege. Na barua pepe zote zinaishia "kindly do the needful", yaani tafadhali fanya kinachotakiwa. Mwaka mzima nilikuwa naitafuta hiyo "needful" kwenye stoo ya jikoni.

Mtoto wa Lubumbashi

Sisi tunapitia Kifaransa kwanza, ndio balaa. Kifaransa mtu asipotokea mlipoahidiana, "amekuwekea sungura". Nikamwambia rafiki Mmarekani binti kaniwekea sungura mbele ya sinema. Akaniuliza ni wa rangi gani na sasa hivi nani anamlisha.

Ticha wa Kidato cha Pili

Mkalimani, hujamalizia. Pampu ilifungwa?

Mkalimani wa Singida

Ilifungwa mwezi uliofuata, haraka ambayo haijawahi kuonekana kwenye mradi ule. Mgeni aliandika kwenye ripoti kwamba mazungumzo ya wazi yalisaidia. Sikumsahihisha.

Mgeni Jana Tu

Samahani wakuu, naulizia tu kabla sijajibu barua pepe ya kazini. Mtu kanielekeza jinsi ya kujaza fomu, mwishoni kaandika "and Bob's your uncle". Nimepiga simu Tanga kuuliza, tunao wajomba watatu na hakuna Bob.